Kalamu Ibaki kwa Mtoto: Ninavyofundisha Hesabu Barazani, Busia

Kila anayeniuliza nawafundishaje hesabu watoto wa darasa la saba hapa Busia, upande wa Uganda, namjibu kwanza hivi: kalamu isitoke mkononi mwa mtoto. Nililijua hilo kwa hasara. Muhula wangu wa kwanza nilikuwa nachukua daftari, nakokotoa upesi upesi, naeleza, nao wanaitikia "ndiyo, Mwalimu". Jaribio la shuleni lilipofika, aliyekuwa akiitikia kwa sauti kuliko wote alipata 31. Hesabu zote nilikuwa nimezifanya mimi.

Siku hizi nachukua watoto wanne, si zaidi. Tunakaa mkekani barazani, taa ya sola juu ya ndoo. Mmoja anafanya swali moja huku akisema kwa sauti kila anachofanya, kwa Kiswahili, ingawa shuleni anasoma kwa Kiingereza. Mimi nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko kufundisha. Mara nyingi huwa natafuna kijiti ili mdomo uwe na shughuli.

Ukisikiliza utaona kwamba kosa la mtoto lina akili yake. Binti wa muuza samaki aliandika 502 kutoa 178 ni 476. Nikamuuliza alianzaje. "Mbili haitoshi kutoa nane, Mwalimu, basi nikatoa mbili kwenye nane." Kumbe kila safu anatoa ndogo kwenye kubwa! Hilo ni donda la darasa la tatu, kalibeba hadi la saba bila mtu kumuuliza. Sikumsahihisha. Nilimwambia ajumlishe 476 na 178 aone kama atarudi kwenye 502. Akapata 654, akanyamaza, akafuta mwenyewe. Jioni mbili zilizofuata tulifunga vijiti vya ufagio makumi makumi, tukawa tunavunja mia na kuvunja kumi mpaka akachoka kwa kuelewa: 324.

Kwenye hesabu za sehemu, kama nusu na robo, usikimbilie KDS (kigawe kidogo cha shirika). Mtoto akikuandikia kuwa 3/4 kujumlisha 2/5 ni 5/9, mwambie afanye nusu kujumlisha nusu kwa njia hiyo hiyo. Atapata 2/4. Muulize: "Kwa hiyo nusu chapati na nusu chapati ni nusu chapati?" Watacheka wote, na mwenye kosa atacheka zaidi. Hapo ndipo anataka kujua kwa nini asili lazima zilingane, na 20 inaingia bila kusukumwa: 15/20 na 8/20, jibu 23/20, yaani moja na 3/20.

Sasa saa. Hapa ndipo tunapoumia sisi wa Kiswahili, na Waganda vilevile, maana nao huhesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi. Swali linasema basi limetoka Busia 8:45 asubuhi likafika Kampala 1:20 mchana. Mtoto anasoma 8:45, kichwani anasikia "saa mbili na dakika arobaini na tano", mkono unaandika 2:45. Kila swali la saa nawaambia wachore saa mbili pembeni, ya nyumbani na ya mtihani, zimepishana kwa sita. Mtego wa pili uko kwenye kutoa. Wanaigeuza 1:20 kuwa 13:20, wanatoa 8:45, wanakopa mia badala ya sitini, wanapata saa 4 na dakika 75. Muulize tu, "Saa moja uliyokopa ina dakika ngapi?" Jibu ni saa 4 na dakika 35. Kama bado hajaona, atembee kwa hatua: 8:45 mpaka 9:00 ni dakika 15, 9:00 mpaka 1:00 ni saa nne, kisha 20. Mimi naipenda zaidi njia hii kuliko kukopa.

Siku za wiki nazo zina ujanja wake. Vitabu vya shule huanza Jumapili kwa 0, hivyo Jumatatu ni 1. Lakini jina lenyewe linasema tatu! Mtoto anaandika 3 kwa uaminifu kabisa. Mweleze kwamba Kiswahili kinaanzia Jumamosi, mosi maana yake moja, na mtihani unaanzia kwingine. Kisha mpe swali: leo Alhamisi, baada ya siku 100 itakuwa lini? Alhamisi ni 4, jumla 104, gawa kwa 7, baki 6, Jumamosi.

Maneno ya Kiingereza ya swali tunayaandika nyuma ya daftari, kila moja na kazi yake. "Product" kwa mtoto wa mpakani ni kitu kilichoandikwa kwenye sabuni. Hawezi kujua kuwa anaambiwa azidishe.

Karatasi yenyewe ya hesabu, kwenye mtihani wa kumaliza darasa la saba wa UNEB (baraza la mitihani la Uganda), ina sehemu mbili: A maswali 20 ya alama 40, B maswali 12 ya alama 60, kwa saa mbili na nusu. Waonyeshe mapema, na wazoee kuandika njia yote, kwa sababu njia ina alama zake hata jibu likiteleza. Mazoezi ya nyumbani natoa maswali matatu. Ukitoa ishirini, kaka mkubwa ndiye atakayeyafanya.

Wazazi watataka mtoto akeshe usiku wa mwisho kabla ya mtihani. Mama mmoja aliniletea mafuta ya taa kabisa. Nilimshukuru, nikayaweka. Jioni hiyo hatufanyi hesabu. Tunachonga penseli, tunakaza bikari zilizolegea, tunahesabu rula na vipimapembe. Hesabu ndiyo karatasi ya kwanza, basi naandika 10:30 ubaoni, namuuliza kila mmoja aniambie ni saa ngapi ya nyumbani. Mwaka jana watatu walisema saa nne na nusu. Wa nne alitazama juu, akachora saa mbili hewani kwa kidole, ndipo akasema.