Moyo kwenda mbio: nani umpe rufaa, na umpeje

Mgonjwa akija anakwambia moyo unamdunda, usikimbilie kuandika rufaa na usikimbilie pia kumwambia ni mawazo tu. Msikilize kwanza. Inaanza ghafla na kukata ghafla au inapanda polepole? Inadumu muda gani, na ikimshika anakuwa anafanya nini? Halafu mwambie agonge meza kwa kidole vile moyo unavyopiga. Akigonga haraka kwa mpangilio mmoja fikiria SVT (mbio za moyo zinazotokana na hitilafu ya umeme juu ya vyumba vya chini), akigonga ovyo ovyo bila mpangilio fikiria AF (vyumba vya juu vya moyo kutetema bila mpangilio), akigonga vizuri halafu anaruka moja kisha anashtuka na pigo zito, mara nyingi hayo ni mapigo ya ziada tu.

ECG ya lidi 12, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ni kwa kila mtu, hata kama moyo umeshatulia. Ongeza picha kamili ya damu, thairoidi, potasiamu na sukari, na kipimo cha mimba kwa anayehusika. Muulize na dawa anazotumia, maana salbutamol (dawa ya pumu) na dawa za mafua zinarusha moyo vizuri tu na watu hawazihesabu kama dawa.

Sasa nani anaondoka leo leo? Yule ambaye moyo bado unaenda mbio hapo mbele yako na namba ya juu ya presha iko chini ya 90, au kifua kinabana, au anakosa pumzi, au amezimia. Pia mwenye mapigo ya haraka yenye QRS pana (QRS ni alama ya ECG ya vyumba vya chini kupiga), huyo mchukulie ni VT, yaani mbio hatari zinazoanzia vyumba vya chini, mpaka ithibitishwe vingine na tafadhali usimjaribishie verapamil, dawa ya kupunguza mbio za moyo. Hapa hakuna barua ya kliniki, ni gari la wagonjwa.

Wa haraka, yaani asingoje foleni ya miezi, ni aliyezimia siku za nyuma, anayepatwa akiwa anakimbia au anafanya mazoezi, mwenye ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa chini ya miaka 40, mwenye ugonjwa wa moyo unaojulikana, na mwenye ECG mbaya hata kama anajisikia safi: PR fupi yenye wimbi la delta (dalili ya njia ya ziada ya umeme moyoni), QTc (muda wa moyo kujichaji upya) inayozidi milisekunde 500, bloku ya daraja la tatu (umeme wa vyumba vya juu haufiki kabisa vya chini). Aliyezimia mwambie asiendeshe gari, na wa mazoezi apumzike mpaka aonwe.

Rufaa ya kawaida ni kwa wale wa SVT inayojirudia na wengi wa AF iliyotulia. Lakini kwa AF usikae unamsubiri bingwa ndio apige hesabu ya hatari ya kiharusi, piga mwenyewe, na kama anastahili dawa ya kuzuia damu kuganda na hana kizuizi aanze.

Mapigo ya ziada ya hapa na pale, ECG safi, moyo mzima, familia haina historia? Baki naye. Tibu upungufu wa damu, punguza kahawa, mtoe hofu. Ila neno hofu lisikutoke haraka, kuna wadada kibao wenye SVT wameambiwa miaka na miaka kwamba ni wasiwasi.

Barua ikiandika "moyo kwenda mbio, naomba msaada" haimsaidii mtu. Andika inaanzaje na kuishaje, mara ngapi, dalili gani za hatari zipo na zipi hazipo, dawa, majibu ya damu, halafu ambatanisha ECG yenyewe, sio neno "normal". Kama anapatwa kila siku Holta (kifaa cha kuvaa kinachorekodi ECG mfululizo) ya saa 24 mpaka 48 inatosha, kama ni mara moja kwa wiki mbili Holta hiyo itarudi tupu, omba kifaa cha kukaa nacho muda mrefu.

Na kabla hajatoka mwambie hivi: ikikushika tena kabla ya tarehe yako nenda kituo chochote cha karibu chenye ECG wakati bado inadunda, wapime hapo hapo, na hiyo karatasi uidai uondoke nayo.