Kabla Hujawafungulia Kuku

Kosa ninalolikuta mara nyingi kwa wafugaji wa uani hufanyika kwa dakika moja, tena alfajiri. Mtu kaamka amechelewa, anafungua mlango wa banda, anamwaga chakula na kwenda zake. Kuku wanadonoa, mbuzi kanyamaza, kazi imekwisha. Siku tatu baadaye kuku mmoja anakutwa chini ya fito, manyoya yamemsimama, na ukimwinua ni mwepesi kama kikapu kitupu. Mwenyewe anaapa kwamba jana alikuwa mzima. Hakuwa mzima. Kuku huficha udhaifu wake kadiri awezavyo, kwa kuwa mnyonge hudonolewa na wenzake. Ukiingia na debe la chakula mkononi, hata mgonjwa atajikongoja nawe usimtambue.

Kwa hiyo kabla ya kufungua, simama nje ya banda dakika tano. Sikiliza kwanza. Kuku wazima huamka na mlio wa chini chini, kama watu wanaosemezana. Chafya moja si neno, lakini ukisikia mkoromo au mluzi kwenye pumzi, jua kuna jambo. Kisha chungulia chini ya fito za kulalia, maana kinyesi cha usiku kimekaa pale kama barua. Cha kawaida ni kahawia au kijivu, kigumu kiasi, chenye kofia nyeupe juu. Mara moja moja utaona kinyesi laini, kinachonata, rangi ya hudhurungi na harufu mbaya kuliko vingine. Hicho nacho ni cha kawaida, ingawa huwatia watu hofu bure. Kinyesi chenye damu, hasa kwa vifaranga wa wiki 3 hadi 6, mara nyingi ni ugonjwa wa kuhara damu, na hauponi wenyewe kwa kungoja. Kinyesi cha majimaji ya kijani pamoja na kupumua kwa shida, shingo kupinda au mabawa kushuka ni dalili za mdondo, ambao wengine huuita kideri. Hapo mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo. Mdondo hauna dawa. Una chanjo tu, na chanjo humfaa kuku ambaye bado hajaambukizwa.

Sasa fungua, lakini usimwage chakula bado. Tazama nani anatoka mwisho. Huyo mshike, upapase kidari chake. Kuku mwenye afya ana nyama pande zote mbili za mfupa wa kidari, na mfupa unausikia kidogo tu. Ukikukata vidole kama makali ya kisu, huyo amekonda kwa muda mrefu: minyoo, ugonjwa, au wenzake wanamzuia asifike kwenye chakula. Hili la mwisho husahaulika. Dawa yake ni chombo cha pili cha chakula, kiwekwe mbali na cha kwanza.

Ukiwa bado ndani, chuchumaa mpaka pua yako ifike usawa wa kuku. Mfugaji akisimama wima hasikii kitu, huku ndege wake wanavuta amonia, ile gesi kali ya kinyesi, usiku kucha. Macho yakikuwasha ukiwa pale chini, matandiko yameloa au hewa haizunguki. Chukua gao la maranda, likamue. Likishikamana na kubaki donge, ni maji mengi. Likiachana polepole, ni sawa. Likitimka vumbi, limekauka mno, nalo vumbi huumiza mapafu. Matandiko ya kina cha sentimita 10 hadi 15 hukaa miezi kadhaa yakigeuzwa kila wiki na sehemu zilizoloa zikitolewa. Chanzo cha unyevu karibu kila mara ni chombo cha maji kilichokaa chini. Kiinue kifike usawa wa mgongo wa kuku, na nusu ya tatizo itaondoka jioni ile ile. Matundu ya hewa yawe juu ya vichwa vya ndege waliolala, upepo usiwapige moja kwa moja.

Maji yenyewe ndiyo chakula cha kwanza. Kuku anayetaga hula kama gramu 110 hadi 130 kwa siku na kunywa takriban mara mbili ya uzito huo. Jua likiwa kali hunywa zaidi sana. Akikosa maji kwa saa chache tu wakati wa joto, utaona pengo kwenye viota kwa siku kadhaa zinazofuata, na hapo watu huanza kulaumu chakula. Pitisha kidole ndani ya chombo: ukikuta utelezi, ndege wanakunywa bakteria. Osha kila siku kwa brashi. Kumwaga na kujaza tena si kuosha.

Kuhusu chakula nitasema machache, kwa sababu ndicho kinachozungumzwa sana kuliko vyote. Kuku wa mayai anahitaji protini ya asilimia 16 hadi 18 na chokaa ya kutosha. Weka maganda ya konokono wa baharini au mawe ya chokaa yaliyosagwa kwenye kopo la peke yake, kila mmoja achukue anavyohitaji. Vifaranga wasilishwe chakula cha wanaotaga, maana chokaa ile nyingi huharibu figo zao. Mabaki ya jikoni yabaki kitoweo, yasigeuke mlo. Na usiwape parachichi, maharage mabichi, viazi vilivyogeuka kijani, wala kitu chenye chumvi nyingi. Nafaka yenye ukungu haimfai mtu wala mnyama. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiishi kwa kuchemshwa, na mnyama wa maziwa akila nafaka hiyo, sumu huingia kwenye maziwa unayokunywa wewe. Anayesema "hii tutawapa kuku" hajaitupa nafaka mbovu, ameirudisha mezani kwa njia ndefu.

Sungura ni wapole mno hivi kwamba makosa ya kuwafuga hayaonekani. Jike hubeba mimba siku 31 hivi, kwa hiyo andika tarehe aliyopandishwa na uweke kisanduku cha kuzalia siku ya 28 ukiwa umetia nyasi kavu. Atajinyofoa manyoya ya tumboni na kutandika mwenyewe. Baada ya kuzaa utamwona kakaa mbali na wanawe mchana kutwa, na hapo wengi huanza kuwanywesha watoto maziwa kwa bomba la sindano wakidhani wametupwa. Mama sungura hunyonyesha mara moja kwa siku, kwa dakika chache, kwa kawaida usiku au alfajiri. Wewe funua manyoya asubuhi utazame matumbo: tumbo la mviringo, ngozi imevutika, amenyonya. Tumbo lililosinyaa kwa siku mbili ndilo la kushughulikia. Aliyekufa mwondoe mara moja. Vilevile usishtuke kumwona sungura akila kinyesi chake laini moja kwa moja kutoka mkunduni; ndivyo anavyopata vitamini na protini iliyotengenezwa tumboni, na akizuiwa hudhoofika.

Adui wa sungura ni joto. Likipita nyuzi 30 za Selsiasi huanza kuhema na kujilaza kama kitambaa. Kivuli na upepo humsaidia kuliko dawa yoyote. Nyasi kavu ziwe sehemu kubwa ya mlo wake, na majani mabichi yaliyolowa umande yaache yanyauke kwanza. Tena usimfuge sakafu moja na kuku, hata kama picha zake hupendeza.

Mbuzi? Kama huna nafasi ya wawili, usianze na mmoja. Mbuzi wa peke yake hulia mpaka majirani wakuchukie, na mnyama anayelia kutwa hali vizuri. Kila wiki mbili vuta chini ngozi ya jicho lake utazame ndani: nyekundu au waridi iliyokolea ni nzuri, nyeupe kama karatasi ina maana minyoo inamnyonya damu. Dawa apewe anayeihitaji, kwa kipimo cha uzito wake. Kuwanywesha wote kila mwezi "kwa usalama" ndiko kunakozalisha minyoo isiyosikia dawa. Kwato zikatwe kila baada ya wiki 6 hadi 8. Lishe iwe kwenye hori lililoinuliwa, kwa kuwa mbuzi akishakanyaga jani halili, na akilila humeza na mayai ya minyoo. Maziwa yachemshwe, hata ya mbuzi unayemjua toka alipozaliwa.

Niseme sasa la mgeni, nikianza na aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua jogoo mzuri, kifua kama ngao, nikamwingiza bandani jioni ile ile kwa sababu nilitamani kumwona kati ya wenzake. Siku ya nne alianza kukoroma. Kufikia mwisho wa wiki ya pili nilikuwa nimezika kuku 9 kati ya 14, na jogoo mwenyewe akapona. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watu kutenga mifugo wapya. Basi mtenge kila mnyama anayeingia kwa siku 14 angalau, 30 ikiwezekana, mahali ambapo hewa na maji havifiki kwa wenyeji. Hudumia wenyeji kwanza, mgeni mwisho, kisha osha mikono na ubadilishe viatu. Ndala moja ya bandani, isiyotoka nje, ni kinga ya bei ndogo kuliko zote.

Nikiulizwa ua fulani unabeba mifugo mingapi, huwa siangalii ukubwa wa banda. Naomba nionyeshwe biwi la samadi. Kuku mmoja hutoa kinyesi cha gramu 100 hadi 150 kwa siku. Kuku 10 ni kilo 30 au zaidi kwa mwezi. Kama samadi inakaa imelundikwa pembeni, inanuka na kufuga funza, mifugo imeshazidi bustani, haidhuru banda lina nafasi kiasi gani.

Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi na huunguza mizizi ikiwekwa mbichi. Ichanganye na vitu vikavu vya kahawia, majani makavu, maranda, mabua yaliyokatwakatwa, mpaka biwi lifike kama mita 1 kwenda juu na mita 1 kila upande. Chini ya hapo halipati joto. Kwa ujazo, anza na sehemu mbili au tatu za vikavu kwa sehemu moja ya samadi, kisha liache biwi lenyewe likuambie: likinuka amonia ongeza vikavu, likikaa baridi wala halishuki ongeza samadi au maji. Unyevu uwe kama wa sponji iliyokamuliwa. Chomeka fimbo ya chuma katikati, iache dakika kumi, uichomoe na kuishika. Ukishindwa kuikumbatia na kiganja, joto limefika nyuzi 55 au zaidi, nalo likidumu siku kadhaa huua mbegu za magugu na vijidudu vingi. Likipoa, geuza, ya nje iende ndani. Ukilazimika kutumia samadi ambayo haijaiva, ifukie siku 120 kabla ya kuvuna mboga zinazogusa udongo, na 90 kwa zile zisizogusa.

Hapa kuna mtego usiojulikana na wengi. Zipo dawa za kuua magugu ya majani mapana ambazo hubaki kwenye nyasi, hupita tumboni mwa mnyama bila kuharibika, na hukaa kwenye samadi hata baada ya kuoza. Ukinunua nyasi kavu kwa mtu, muulize alipuliza nini. Ukiwa na shaka, panda mbegu chache za maharage kwenye kopo lenye mboji yako na chache kwenye udongo wa kawaida. Baada ya wiki 3, majani yakijikunja kama kikombe kwenye kopo la mboji peke yake, mboji hiyo usiipeleke bustanini.

Jioni mzunguko unarudi kinyume. Okota mayai, ondoa mabaki ya chakula kabla panya hawajaamka, kagua wavu. Ule wavu mwepesi wa kuku humzuia kuku asitoke tu. Panya na vicheche huzuiwa kwa wavu mgumu wenye matundu yasiyozidi milimita 12, uliochimbiwa ardhini au kutandazwa nje kuzunguka banda. Andika kwenye daftari mayai mangapi, nani kapewa dawa gani na lini, na siku za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa kabla mayai, maziwa au nyama haijaliwa.

Kisha hesabu. Akipungua mmoja na huoni manyoya wala damu, usikimbilie kumlaumu kicheche. Chungulia vichakani na nyuma ya kuni. Mara nyingi utamkuta amejibanza juu ya mayai yake, amejifutua, akikukoromea. Ukitaka vifaranga, anahitaji siku 21, na pale alipo hatazimaliza salama. Mhamishe giza likishaingia, pamoja na mayai yake, kwenye kisanduku chenye mlango, umfungie siku mbili na maji karibu. Ukimhamisha mchana atarudi pale pale kichakani, na mayai yatapoa.