Kabla hujakaa na 2147483647, jiandae hivi

Wadogo zangu mnaokuja Jumamosi hapa Soweto Mbeya, namba ya safari hii ni 2147483647 na swali ni moja tu, ni tasa au ina vigawo? Naomba kila mtu aje amejiandaa maana hii ukiivamia hivi hivi inakula siku nzima, na baridi hii ya Juni mnaijua.

Kalkuleta kwanza. Zile ndogo za Mwanjelwa nyingi zinaishia tarakimu 8 na hii ina 10, kwaiyo njoo na simu, chaji iwe imejaa.

Alafu ujue namba imetoka wapi: ni 2 kipeo cha 31, toa 1. Usiliruke hili, ndo ufunguo wa kazi yote. Na usidanganyike kwamba kipeo kikiwa tasa basi na namba ni tasa, jaribu kipeo cha 11 uone, 2047 ni 23 mara 89.

Vigawo vyepesi maliza nyumbani. Inaishia na 7 so 2 na 5 nje, jumla ya tarakimu ni 46 so 3 nje. Mwisho wa kutafuta ni kipeuo cha pili, yani 46340 na ushee, ukivuka hapo hujapata kitu basi ni tasa. Shida ni kwamba namba tasa zilizo chini ya hapo zinazidi 4700, nani atazigawanya zote kwa mkono?

Hapa ndo namheshimu sana Euler, mwanahisabati mzee wa Uswisi, mwaka 1772 alishatangaza jibu na macho yake yalikuwa karibu yameisha kabisa. Soma kanuni ndogo ya Fermat kabla hujaja, inakwambia kigawo tasa chochote cha namba hii ukikigawa kwa 62, yani 2 mara 31, lazima kibaki 1 (angalia 23 na 89 za kipeo cha 11 kwa 22, yani 2 mara 11, ni vilevile). Kuna sharti la pili, ukikigawa kwa 8 kibaki 1 au 7, maana kuna namba ambayo mraba wake ukiugawa kwa kigawo hicho unabaki 2. Unganisha yote mawili, kwa 248 kibaki 1 au 63. Zile 4700 na zaidi zinashuka hazifiki hata 100, na hakuna hata moja inayogawanya! Mimi kila nikilipitia hili nafurahi upya.

Wa laptop, tumieni biti 64. Kwenye biti 32 zinazobeba hasi na chanya hii ndo namba kubwa ya mwisho, kwenye lugha ya programu ya Java ukiongeza 1 inageuka -2147483648, na ndo maana kompyuta zinazohesabu sekunde hivyo tangu 1970 zitafika ukingoni tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu ni saa 12 na dakika 14 asubuhi.

Ya kujipimia ni 311, ndo ya kwanza kwenye orodha ya hizo zilizobaki. Unapata 6905092 baki 35, na kama yako haitoi 35 rekebisha kwanza kabla hujaenda ya pili, 1303.