Machela au hema? Kwa mnaotoka Lubumbashi kwa baiskeli

Ukipanga safari ya kuelekea Likasi, fikiria miti kwanza kabla hujanunua chochote. Karibu na mji mingi imekatwa kwa ajili ya makala, yaani makaa ya kupikia, na iliyobaki mara nyingi ni michipukizi isiyoweza kubeba mtu. Machela, yaani kitanda cha kitambaa kinachoning'inia kwa kamba, inataka miti miwili imara iliyoachana mita 4 au 5. Ukiikosa jioni, huna pa kulala.

Lakini kinachowatesa watu zaidi ni baridi. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai si wa mchezo. Kwenye machela upepo unapita chini ya mgongo, na blanketi ulilolikandamiza kwa uzito wako halitunzi joto tena. Tandika godoro jembamba la sponji, pana hadi mabegani, kisha lala mshazari ili mgongo unyooke.

Kwa kiangazi mimi nasema hema, bila kusita. Wakati wa mvua, ardhi ikiwa tope tupu, machela ni raha kweli, mradi uwe na turubai na chandarua. Funga uzi mfupi kwenye kila kamba, karibu na kitambaa: maji yanayotambaa kutoka kwenye mti yatadondokea hapo badala ya kukufikia.

Na omba ruhusa kwa chifu wa kijiji kabla giza halijaingia. Akikuonyesha uwanja wa kulala kando ya nyumba yake, hapo ni hema tu.