Ushahidi mpya kwenye mapitio ya kodi: anza na jalada

Ukitaka mahakama ipitie uamuzi wa kodi, kabla hujaandika kiapo (maelezo ya maandishi unayoapa kuwa ni kweli), omba nakala ya jalada zima la mamlaka ya kodi. Mimi huandika pembeni mwa kila karatasi tarehe iliyopokelewa, kwa sababu kwenye mapitio ya mahakama jaji hapigi hesabu upya; anaangalia kama mwamuzi, yaani aliyetoa uamuzi wa kodi, alifuata sheria kwa kile alichokuwa nacho siku ile. Ankara uliyoipata mwezi uliofuata, hata iwe halali kiasi gani, kwa kawaida hubaki nje.

Mlango mdogo upo. Karatasi inayoonyesha kuwa hukusikilizwa, au kwamba mwamuzi alikuwa na upendeleo, inaweza kupokelewa, maana kasoro za namna hiyo mara nyingi hazionekani jaladani. Niliwahi kushika shauri ambalo daftari la kupokelea barua, lenye mhuri na saini, ndilo lililothibitisha kwamba vielelezo vya mteja vilifika siku mbili kabla ya uamuzi, wala havikusomwa. Hatukubishania kiasi cha kodi hata kidogo.

Rufaa ni jambo jingine. Huko kuna kipimo cha kupokea ushahidi mpya, cha Ladd v Marshall, kesi ya Uingereza ya 1954: ushahidi usingepatikana mapema kwa bidii ya kawaida, una uzito kwenye matokeo, na unaaminika.

Kwenye kiapo, taja ulipata karatasi lini, kwa nani, na kwa nini si mapema. Na kama bado uko hatua ya pingamizi, yaani unaipinga kodi mbele ya mamlaka yenyewe, tafadhali, wasilisha kila risiti sasa, nawe udai mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.