Jinsi ya kucheza gemu tulivu za mafumbo bila kukwama ovyo wala kuumwa kichwa

Gemu hizi hazina risasi, na kwa kawaida hakuna saa inayokukimbiza. Unatembea, unatazama, unafumbua. Anayekwama mara nyingi anacheza kwenye skrini iliyofifia, sauti kaizima, na vidole vinatangulia macho. Mifano yetu ni miwili: Monument Valley (2014), iliyotengenezewa simu, na The Witness (2016), kubwa zaidi, inayofaa kompyuta au konsoli, ambamo unazunguka kisiwani ukichora mistari kwenye paneli, yaani vibao vya mafumbo.

Hatua ya 1: Andaa skrini

Zima kichujio cha usiku, kile kinachoipaka skrini umanjano. The Witness ina mafumbo yanayotegemea rangi, na kichujio hicho huifanya nyeupe ifanane na manjano hafifu. Utahangaika na fumbo ambalo jibu lake ungeliona mara moja. Zima pia hali ya kuokoa betri: hupunguza mwangaza na kasi ya picha, mwendo ukawa wa kukatikakatika. Dirisha lisiwe nyuma yako, litaakisi kwenye kioo.

Hatua ya 2: Vaa hedifoni

Msituni ndani ya The Witness, milio ya ndege ndiyo fumbo lenyewe: unasikiliza upi wa juu na upi wa chini, kisha unachora mstari kwa mpangilio huo. Bila sauti ni kubahatisha tu. Kama husikii vizuri, au rangi hukuchanganya, ruka maeneo hayo bila wasiwasi. Mlima wa mwisho hufunguka ukishawasha miale ya mwanga 7 kati ya 11, ile inayowaka ukimaliza mafumbo ya eneo.

Hatua ya 3: Zuia kizunguzungu

Hii ni kwa gemu unazotazama kupitia macho ya mhusika. Ingia kwenye mipangilio, punguza kasi ya kamera, na zima ile athari inayoivuruga picha unapogeuka. Kama gemu inaruhusu kubadili upana wa mwonekano, jaribu digrii 80 hadi 90. Mate yakianza kujaa mdomoni au jasho likikutoka, acha hapohapo. Kujikaza huzidisha.

Hatua ya 4: Tazama kabla ya kugusa

Kwenye Monument Valley, tafuta kwanza gurudumu lenye vishikio. Lizungushe robo, simama, kisha angalia ncha za njia. Sheria ya gemu hii ni ya macho: ncha mbili zikionekana zimegusana, basi zimegusana kweli, hata kama moja iko ghorofani na nyingine chini. Gusa upande wa pili, Ida, yule binti unayemwongoza, atavuka.

Gurudumu likigoma, tazama vishikio vyake. Vikiwa vimejikunja, Ida amesimama juu ya kipande kinachozunguka. Mwondoe kwanza. Kunguru utakaowakuta njiani hawaui, wanaziba njia tu na kupiga kelele, subiri wapite.

Hatua ya 5: Ukikwama, rudi mwanzo wa mstari

Paneli za The Witness mara nyingi hupangwa kwa mfuatano, na ile ya kwanza, inayoonekana ya kitoto, ndiyo mwalimu. Iandike sheria kwenye daftari kwa maneno yako: "mstari utenge miraba myeusi na myeupe." Sheria yako ikikubali paneli nne na kukataa ya tano, ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, ila paneli zile nne hazikuifichua. Ibadilishe, kisha ipime tena kwenye zote.

Chukua zile paneli zenye mchoro wa mti. Ukiikodolea macho paneli peke yake hutaona kitu. Rudi nyuma hatua chache, utazame mtufaha wenyewe. Tafuta tawi lenye tufaha, kisha lifuate kuanzia shinani: kushoto, kulia, kulia. Chora hivyohivyo. Wengi hukosea pale wanapoutazama mti kutoka upande wa pili, kwa sababu kushoto kwa paneli kumekuwa kulia kwao.

Baadhi ya paneli huzimika ukikosea, ikakubidi urudie iliyotangulia. Gemu haijaharibika, imewekwa hivyo makusudi ili usibahatishe.

Alama usiyowahi kuiona isikusumbue. Hujafundishwa bado, na kisiwa kiko wazi: piga picha ya skrini, nenda kwingine. Vivyo hivyo dakika 15 zikipita bila wazo jipya.

Hatua ya 6: Msaada wa mwisho

Ukilazimika kufungua mwongozo wa majibu, soma maelezo ya alama tu. Mchoro wa jibu uzibe kwa kiganja. Ukiunakili utapita paneli hiyo moja, halafu inayofuata itakuuliza sheria ileile kwa umbo gumu zaidi.