Kuchoma mali nchini Kenya: anza na nambari ya kifungu

Hati ya mashtaka ikikufikia, macho yako yaende kwanza kwenye nambari ya kifungu cha Kanuni ya Adhabu (Sura ya 63). Kilele cha adhabu kimewekwa hapo, wala hakifuati ukubwa wa hasara.

Kifungu cha 332 kinahusu jengo lolote, limekamilika au halijakamilika, chombo cha majini, mgodi, na rundo la mazao au la kuni na makaa. Adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Mazao yakiwa bado shambani, yamesimama au yamekatwa, utakuta kifungu cha 334, kisichozidi miaka 14. Kwa hiyo mahindi yale yale yana adhabu mbili: yakiungua kwenye mabua ni miaka 14, yakiungua yamerundikwa ni maisha. Mkulima anayepiga ripoti aseme wazi yalikuwa katika hali gani, apige picha, na adai nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) kabla ya kutoka kituoni.

Gari na pikipiki hazimo katika orodha ya 332. Aliyechoma bodaboda ya mwenzake hushtakiwa kwa kuharibu mali kwa nia mbaya, kifungu cha 339(1), miaka isiyozidi 5. Nyumba ikiungua pamoja na vyombo vyake, tarajia mashtaka mawili: 332 kwa nyumba, 339 kwa vyombo. Wengi husahau kuorodhesha vyombo mapema, na baadaye fidia inakuwa vigumu kuithibitisha.

Vilipuzi vina uzito wake. Kulipua nyumba ya kuishi au chombo cha majini ambamo mna mtu kunaweza kuleta kifungo cha maisha. Kuweka kilipuzi mahali popote kwa nia ya kuharibu mali ni miaka 14 chini ya 340, hata kisipolipuka. Kujaribu kuchoma jengo nako, chini ya 333, ni miaka 14.

Nyumba kuwa yako si kinga ikiwa umeichoma ili udanganye kampuni ya bima.

Maneno ya sheria ni “kwa makusudi na kinyume cha sheria”. Jiko lililopinduka au waya uliochakaa haufiki hapo. Upande wa mashtaka uthibitishe kwamba moto uliwashwa na mtu, kwa kukusudia, na kwamba mtu huyo ni wewe. Kesi nyingi za usiku huvunjika kwenye hilo la mwisho. Shahidi ataulizwa mwanga ulitoka wapi, ulikuwa mkali kiasi gani, ulikuwa upande gani wa mshukiwa, alisimama hatua ngapi na alimtazama kwa muda gani. “Nilimwona kwa mwanga wa moto” peke yake haitoshi.

Ukisomewa shtaka, usiseme “ni kweli” kwa haraka, maana huandikwa kama kukiri. Dai lugha unayoielewa, na usikilize maelezo ya kesi yakisomwa. Pale usipokubaliana nayo, sema papo hapo, na hakimu anapaswa kuandika kwamba umekana.

Ukihukumiwa na mahakama ya hakimu, una siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu. “Maisha” au “miaka 14” ni kilele cha adhabu. Hakimu anaweza kutoa pungufu, ndiyo maana maombi ya kupunguziwa, yenye umri, afya, rekodi na hatua za kumlipa mwathiriwa, yaandikwe kabla ya siku ya hukumu.